Kupanga Msimu na Kijiji Kabla Mvua Haijaanza

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa masika, wa vuli, na wa mvua za msimu kwa mikoa inayopata mvua mara moja kwa mwaka, yaani Novemba hadi Aprili. Utabiri husomwa redioni, ukatumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya watendaji, ukabandikwa mlangoni pa ofisi ya kata, na kijiji kikapanda kama kilivyopanda mwaka jana. Maofisini husemwa kwamba wakulima ni wabishi. Wanaokaa nao wanajua kwamba karatasi ile haimwambii mtu auze mbuzi wangapi mwezi wa Julai, apande ekari ngapi za mtama na ngapi za mahindi, wala ufunguo wa shule utakuwa kwa nani usiku mto ukijaa. Mpango wa kijiji ni orodha ya maamuzi ya namna hiyo, kila moja likiwa na tarehe, dalili ya kulianzisha, na mtu wa kulitekeleza. Visipokuwepo hivyo vitatu, kilichoandikwa ni nia njema tu.

Tuchukue ukanda mmoja, kutoka Dodoma kushuka hadi Kilosa. Mto Kinyasungwe hukusanya maji ya nyanda kavu za Dodoma, Kongwa na Mpwapwa, ukaingia Mkondoa, nao Mkondoa ukapita Kilosa kabla ya kuitwa Wami na kuelekea baharini. Juu kuna shida ya ukame, chini kuna shida ya mafuriko, na maji ni yale yale. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 mafuriko ya Mkondoa yaliharibu makazi Kilosa na kuivunja Reli ya Kati kwenye kipande cha Kilosa hadi Gulwe. Mtu wa Kilosa anaweza kuingiliwa na maji nyumbani siku ambayo kwake halijadondoka hata tone. Anayepanga na kijiji cha huku bila kujua kinachonyesha kule amepanga nusu ya mpango.

Takwimu za kituo kwanza, utabiri baadaye

Kikao cha kijiji kisianze na utabiri. Kianze na mvua ya miaka 30 iliyopita kutoka kituo cha karibu, ambayo huombwa TMA kupitia halmashauri ya wilaya. Ombeni mapema, maana barua hukaa. Chora nguzo 30 kwenye karatasi kubwa za kaki, nguzo moja kwa kila msimu, kisha nyamaza na uwaache watu waseme. Watautaja wenyewe msimu wa 1997/98, ule wa mvua kubwa za El Niño. Watabishana kuhusu mwaka fulani wa njaa, na hapo ndipo penye mali: mara nyingi mwaka unaokumbukwa kwa njaa una nguzo ya kawaida kabisa. Jumla ya mvua ilitosha, ila ilikatika Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Kwa mikoa ya kati, ukavu wa mwishoni mwa Januari na Februari ndio unaoua mazao kuliko upungufu wa jumla, na jumla ndiyo hasa inayotabiriwa kwenye utabiri wa msimu.

Baada ya hapo eleza makundi matatu. Ipange ile miaka 30 kuanzia yenye mvua kidogo hadi yenye nyingi. Kumi ya chini ndiyo inayoitwa chini ya wastani, kumi ya katikati ni wastani, kumi ya juu ni juu ya wastani. Andika milimita za mipaka ya kituo chenu ukutani. Tuseme mpaka wa chini ni milimita 480 na wa juu ni 620. Kuanzia hapo kila mtu akisikia "wastani hadi juu ya wastani" anajua inazungumzwa mvua inayozidi 480, na haamui kwamba ni masika ya gharika.

Asilimia zinahitaji kushikwa kwa mkono. Chukua punje 20 za maharage ya ukubwa mmoja, zipake rangi tatu, uzitie kwenye mfuko wa kitambaa. Usichanganye mahindi, choroko na maharage, kwa sababu kidole hutambua na mchezo unaharibika. Utabiri ukisema 45 kwa juu ya wastani, 35 kwa wastani na 20 kwa chini, weka punje 9, 7 na 4. Mtu achomoe moja, aitaje, airudishe, amwachie mwingine. Mtu wa pili au wa tatu anaweza kuchomoa ya ukame, watu wakaguna. Hapo muulize: huo ndio mwaka wako, umeshapanda ekari nne za mahindi ya muda mrefu na umekopa mbegu, unafanya nini? Mazungumzo ya dakika kumi baada ya swali hilo yana uzito kuliko hotuba ya nusu siku.

Uaminifu unataka waambiwe pia kwamba utabiri wote haulingani nguvu. Vuli hutabirika vizuri kuliko masika. Vuli inafuata hali ya bahari, yaani El Niño (maji ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida) na joto la Bahari ya Hindi upande wetu likilinganishwa na upande wa Indonesia, na bahari hubadilika polepole. Vuli ya 2019 ilikuwa kubwa mno wakati El Niño haikuwa na nguvu. Kilichofanya kazi ni Bahari ya Hindi. Mwaka 2023 vyote viwili vilikuwepo. Masika inaathiriwa na mambo ya muda mfupi zaidi, vikiwemo vimbunga vya Msumbiji vinavyoweza kuvuta unyevu na kuchelewesha mvua zetu, kama ilivyokuwa Machi 2019 wakati wa kimbunga Idai. Kwa Dodoma na Singida, zenye mvua za msimu, El Niño haina ushawishi wa moja kwa moja kama ilivyo pwani au nyanda za kaskazini mashariki. Kwa hiyo afisa anayesimama Bahi, mkoani Dodoma, na kutangaza kwamba El Niño imekuja, wote wahame mabondeni, anakopa heshima ya TMA kwa jambo ambalo TMA hawakulisema kwa eneo lile. Mwaka ukipita mkavu, deni hilo hulipwa na afisa ugani anayebaki kijijini.

Kipima mvua cha kijiji

Kituo kilicho kilomita 40 mbali hakitoshi, maana mvua zetu huweza kunyesha upande mmoja wa barabara. Kila kitongoji kinaweza kuwa na kipima mvua. Cha plastiki cha dukani kinafaa, na kikikosekana, kopo lenye kuta zilizonyooka na rula ya shule vinafanya kazi ya kuanzia. Kifungwe kwenye nguzo, mdomo ukiwa umelala sawa na juu kidogo ya nguzo yenyewe ili matone yasiruke na kuingia. Kiwe mbali na mti au nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha kitu hicho: mwembe wa mita 6, kaa mita 12. Kisomwe kila siku saa 3:00 asubuhi, kisha kimwagwe.

Makosa ni yale yale kila mahali. Siku isiyo na mvua huachwa wazi, na baada ya miezi mitatu hakuna anayejua kama haikunyesha au msomaji alikwenda msibani. Iandikwe 0, na siku isiyosomwa iandikwe X. Kipima huwekwa kwa mwenyekiti kwa ajili ya heshima, naye hashindi nyumbani. Mpe mwanafunzi wa darasa la sita na bibi yake. Daftari lao huwa safi. Watoto humwaga maji ndani, hivyo ukiona milimita 70 siku ambayo jirani ana 0, usifute, zungushia duara na uulize.

Namba hizo zina kazi mara moja. Mvua ya kupandia ni ile inayofika milimita 20 au zaidi ndani ya siku mbili tatu, na udongo kulowa kina cha kiganja kizima unapochimba kwa jembe. Manyunyu ya milimita 8 yanayoangusha vumbi na kunukisha udongo ndiyo yanayowaponza watu kila Novemba: mbegu huota, jua likawaka siku kumi na mbili, na mbegu ya pili hainunuliki. Anayependa kupanda kavu afanye hivyo kwa uwele au mtama kwenye sehemu ya shamba, mahindi yasubiri kipimo.

Wazee nao wana vipimo vyao. Pwani walihesabu miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jadi, na wakalitazama kundi la nyota liitwalo Kilimia likizama na kuzuka. Bara wanamsikiliza ndege dudumizi, wanaangalia maua ya mwembe na uelekeo wa upepo wa Oktoba. Njia nzuri ya kushughulika na dalili hizi ni kuziandika na tarehe kabla msimu haujaanza, kwenye safu yake katika jedwali lile lile la utabiri, halafu Mei mkae na kuona zipi zilisema kweli. Mzee ambaye dalili yake imeandikwa hushiriki kikao chote. Aliyepuuzwa hukaa nyuma na kuwavuruga wengine, na ana haki.

Nani akae kikaoni, na lini

Utabiri wa msimu hutoka Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, na mvua za Dodoma hushika Desemba. Una wiki nne. Kikao cha siku mbili kwa kila kijiji ndani ya wiki mbili za mwanzo kinatosha, kikiwa na watu 30 hadi 40 waliochaguliwa na vitongoji. Usikiweke siku ya mnada, wanaume wote na wafugaji hawatakuwepo. Usikianze saa 2 asubuhi kama unataka wanawake, wako kisimani.

Wagawe kwa makundi: wanawake peke yao, wafugaji peke yao, vijana, wazee. Kila kundi lichore ramani ya kijiji chini kwenye mchanga kwa kijiti, majivu na mawe, kabla ya kuihamishia kwenye karatasi. Ramani ya wanaume huonyesha mashamba, lambo na mnada. Ya wanawake huonyesha korongo wanalovuka na watoto kwenda shule, kisima kinachogeuka chumvi Septemba, na nyumba za wajane zilizo kwenye mkondo wa maji. Ukizikusanya kwenye karatasi moja ndipo unapopata orodha ya hatari. Mlima Hanang ulipotiririsha tope hadi mji wa Katesh, mkoani Manyara, tarehe 3 Desemba 2023, mvua nyingi za msimu huo zilikuwa zimeshatabiriwa. Lakini utabiri wa msimu hauwezi kumwambia mtu korongo gani litabomoka. Hilo hutoka kwenye ramani, na kwa wenye kukumbuka maji yalipita wapi zamani kabla viwanja havijakatwa.

Jedwali la maamuzi

Chora safu tatu: mvua juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Kwa kila safu andika tutafanya nini, nani, lini, kwa shilingi ngapi. Kosa linalorudiwa sana ni kujaza safu moja tu, ile utabiri uliyoipa asilimia kubwa. Zote tatu zijazwe, kisha uanze na yale yanayofaa katika safu zote: hayo yafanyike bila kusubiri chochote.

Kwa kilimo, mazungumzo yafike kwenye ekari. Kaya yenye ekari nne inaweza kuamua mbili za mtama, moja ya uwele, moja ya mahindi ya muda mfupi mbugani ambako unyevu hukaa. Utabiri ukiegemea chini ya wastani, ile ya mahindi inageuka mtama au alizeti. Ukiegemea juu, inaongezeka. Mtama wa aina ya Macia hukomaa kwa miezi mitatu na nusu hivi, na ekari moja hutaka mbegu kilo 3 hadi 4. Kilo hizo hazipatikani Desemba kwenye duka la pembejeo la kata. Ziagizwe Septemba kwa pamoja, kabla ya utabiri, ndiyo maana safu ya "yanayofaa kwa vyovyote" ina thamani.

Mtama una adui wake, na mpango usiomtaja utakataliwa kimya kimya: ndege aitwaye kweleakwelea. Anayepanda mtama peke yake katikati ya mashamba ya mahindi amewaandalia ndege karamu. Kitongoji kizima kikipanda ndani ya wiki moja, ndege hugawanyika na zamu za kuamia, yaani kuwafukuza ndege shambani, hupangika. Ulizeni mapema watoto wako shule au la wakati mtama unapotia maziwa, kwa sababu ndio wanaotegemewa kuamia, na jibu likiwa wako shule basi hesabu ya vibarua iingie kwenye bajeti.

Kuhusu mashimo ya Chololo, yaliyobuniwa kwenye kijiji cha jina hilo karibu na Dodoma mjini: ni mashimo ya upana wa sentimita 22 hivi na kina cha 30, yakiachana sentimita 60 kwenye mstari na 90 kati ya mistari, yakifuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko. Yanashika maji na mbolea, na mwaka wa mvua haba tofauti huonekana barabarani. Ila fanyeni hesabu kabla ya kuyaweka kwenye mpango. Kila shimo linachukua mita za mraba 0.54, kwa hiyo ekari moja ina mashimo karibu 7,500. Mtu akichimba 150 kwa siku, ni siku 50. Mama mwenye watoto watatu hawezi. Robo ekari kuanzia Julai, karibu na nyumba, hiyo inawezekana, na mpango uandike robo ekari.

Mvua ikitabiriwa kuwa nyingi, watu hufikiria mafuriko na kusahau ghala. Mahindi yaliyovunwa mvua ikiwa bado inanyesha huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Chupa kavu ya soda na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu ni kipimo tosha: tia punje, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikigandia kwenye chupa, mahindi bado mabichi, yasiingie kwenye mfuko wa PICS, maana mfuko usiopitisha hewa huhifadhi unyevu vile vile unavyohifadhi ukavu. Andikeni kwenye safu ya juu ya wastani: maturubai ya kuanikia, mangapi, ya nani.

Mifugo na maji

Hapa ndipo maamuzi huwa magumu, na ndipo hesabu inaposaidia kuliko ushawishi. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 hula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Miezi mitatu ya ukavu ni kilo 540, yaani robota 36 za kilo 15. Mfugaji mwenye ng'ombe 40 anahitaji robota 1,440. Hana, na kijiji hakina. Akiiona hesabu hiyo ukutani mwenyewe huanza kutaja wale atakaowabakiza: majike wanaozaa, dume moja, maksai wa kulimia. Waliobaki wauzwe lini? Wakiwa bado na mafuta, Juni au Julai, kabla minada haijajaa mifupa. Kaskazini na mashariki mwa Kenya misimu mitano mfululizo ilikosa mvua, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ikafa. Bei ya ng'ombe aliyekonda hushuka wakati ule ule bei ya debe la mahindi inapopanda, hivyo anayechelewa hupigwa mara mbili.

Kinachoanzisha uamuzi kiwe dalili inayoonekana, si tangazo. Mfano ni huu: kufikia mwisho wa Mei, kama nyasi za akiba hazifiki gotini, kila boma linauza mmoja kati ya watano ndani ya wiki sita. Wasukuma wana ngitili na Wamasai wana alalili, maeneo ya malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Shinyanga, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza 1986 ulifufua ngitili kwa sababu ulifuata taratibu zilizokuwepo. Kijiji kinaweza kuweka tarehe ya kufunga na kufungua kwenye sheria ndogo, ikapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Tarehe isiyo na sheria ndogo huvunjwa na mwenye ng'ombe wengi, na wengine humfuata.

Lambo nalo lihesabiwe. Ng'ombe 500 wakinywa lita 30 kila mmoja kwa siku 180 ni lita milioni 2.7, sawa na mita za ujazo 2,700. Juu ya hapo jua la Dodoma hufyonza milimita 5 hadi 7 kwa siku, zaidi ya mita moja kwa kiangazi kizima. Lambo lenye kina cha mita moja na nusu, hata asinywe mtu, linakaribia tope ifikapo Oktoba. Kama kuna fedha ya kuchimba, chimbeni kwenda chini, siyo kupanua. Upana hulisha jua.

Paa la shule ni chanzo kinachosahaulika. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 20 likipata milimita 500, ukitoa sehemu ya tano inayomwagika, linatoa lita 64,000. Kikwazo huwa mifereji: hufungwa kwa waya mwembamba, hulegea na mvua ya kwanza, na tenki la lita 10,000 hubaki na buibui. Tengeni pesa ya vishikio kabla ya tenki la pili.

Upande wa Kilosa

Mpango wa mafuriko huanzia juu ya mto. Tafuteni watu wawili wanaoishi kando ya mto vijiji vya juu, mmoja akiwa wa akiba, na mkubaliane nao lini wapige simu. Dalili iwe kitu cha kuonekana usiku kwa tochi: rangi tatu kwenye nguzo ya daraja, kijani, njano, nyekundu, zilizopakwa kwa kufuata alama za mafuriko yaliyopita ambazo wazee walionyesha. Njano ikilowa, simu inapigwa. Waulizeni watu wa pande zote mbili mafuriko ya mwisho yalipita kwao saa ngapi. Tofauti ya saa hizo ndiyo muda mlionao, na mpango wote lazima utoshe ndani yake.

TMA hutumia ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa kwa hali mbaya ya siku chache zijazo. Fungeni kila ngazi na kazi. Angalizo: mwenyekiti wa kitongoji anahakiki namba za simu na mtu wa ufunguo. Tahadhari: wagonjwa, wajawazito waliokaribia na wazee wanahamia kwa ndugu walio juu, mchana, na nyaraka zinafungwa kwenye mfuko wa nailoni. Tahadhari kubwa: mifugo inavushwa, hakuna anayelala bondeni. Mkisubiri ngazi ya mwisho ndipo muanze yote, mtahamisha watu gizani.

Mtandao wa simu hufa mnara unapokosa umeme, na mara nyingi ni usiku huo huo. Pawe na rimu ya gari iliyoning'inizwa kwa mlio uliokubaliwa, kipaza sauti cha msikiti chenye betri, na bodaboda aliyeandikwa jina. Mlio ujaribiwe Jumamosi moja Novemba. Wasiosikia wajulikane ili rimu ya pili iwekwe.

Mahali pa kukimbilia huandikwa "shule ya msingi" na basi. Darasa la mita 7 kwa 9 lina mita za mraba 63. Kwa kiwango cha mita za mraba 3.5 kwa mtu kinachotumiwa kwenye maafa, ni watu 18. Madarasa saba ni watu 126, na kitongoji kina 600. Hesabu hiyo ikitolewa kikaoni, watu wenyewe huanza kutaja jamaa zao wa mlimani, na mara nyingi nusu ya wahitaji huisha hapo. Waliobaki wanahitaji maji lita 15 kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kisizidi watu 50 siku za mwanzo. Kama vyoo vya shule vimejaa tangu Agosti, kuvinyonya ni sehemu ya mpango wa mafuriko. Wanawake wataulizia taa na makomeo ya vyoo hivyo, na wakiulizwa mapema watasema wazi kwamba bila hivyo watabaki nyumbani kwenye maji.

Fedha na makaratasi

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na utabiri wa msimu hutoka Oktoba. Bajeti ya msimu huu imeshafungwa tangu Juni. Wanaosahau hili huandika mipango mizuri isiyo na senti. Gawanyeni orodha mara mbili: yale ya sasa, yanayofanyika kwa nguvu kazi, michango ya kijiji na vikundi vya kuweka na kukopa, na yale makubwa, kama kuchimba lambo au kalavati, yanayoingia kwenye mpango wa kijiji unaopelekwa kamati ya maendeleo ya kata kwa mwaka ujao wa fedha. Yaende na gharama, ramani na muhtasari wa mkutano mkuu uliosainiwa. Kata hupokea maombi mengi ya mdomo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji, hivyo kamati isiundwe mpya pembeni kwa ajili ya mradi. Ile ya mradi hufa mradi ukiisha, tena hufa na daftari.

Kenya njia ilikuwa nyingine: kaunti kama Isiolo na Makueni zilianzisha mifuko ya tabianchi yenye kamati za wadi, na wananchi huamua wenyewe kisima kipi au nyasi zipi. Kinachofaa kuigwa ni kwamba kamati inakaa ikijua kuna kiasi fulani cha fedha. Watu wakijua kiasi, wanachagua, wasipokijua, wanaorodhesha.

Mei, baada ya mavuno kuanza, rudini na lile jedwali. Kwa kila mstari ulizeni mambo manne: dalili ilitokea? tulifanya? kwa nini hapana? tubadilishe nini? Majibu ya "kwa nini hapana" huwa madogo kwa sura: aliyepewa kazi alisafiri, mbegu ilifika imechelewa wiki moja, sheria ndogo bado iko wilayani. Hayo ndiyo ya kurekebisha. Mtendaji wa kijiji huhamishwa, kwa hiyo nakala tatu za mpango zikae ofisi ya kijiji, shuleni na kwa mwenyekiti wa kamati ya maafa, na kila Oktoba mtu mmoja apige namba zote zilizomo, moja baada ya nyingine, afute zisizopatikana na kuandika mpya kwa kalamu.